Mama "amesafishika asilimia 90" lakini bado avimba na kujikuna. Damu ya kipimo ilitolewa wapi?

BintiLikoni

Assalamu aleikum ndugu zangu, na hamjambo nyote. Nauliza jambo la mashine ya figo, na naomba wenye ujuzi wanijibu taratibu maana mimi si mtu wa hospitali.

Mama yangu husafishwa damu mara mbili kwa wiki hapa Mombasa kisiwani, masaa matatu kila kipindi. Ana fistula mkono wa kushoto, ule mshipa uliounganishwa kwa upasuaji ili uchomwe sindano za mashine. Majuzi wagonjwa wote wa zamu yake walipimwa damu ya kabla na damu ya baada. Majibu ya mama: yurea, ile taka ya damuni inayosafishwa na mashine, kabla ya mashine 28, baada ya mashine 2.6. Tukaambiwa ni vizuri sana, amesafishika zaidi ya asilimia 90, tusiwe na wasiwasi.

Mimi wasiwasi ninao. Mama anajikuna usiku kucha, miguu imejaa, chakula hakimpiti, na siku ya pili baada ya mashine ashachoka tena. Mtu aliyesafishika hivyo huwa namna hii?

Jambo lenyewe ni hili. Siku ile nilikuwa nimeketi kando yake. Damu ya "baada" haikutoka mkononi. Kijana alichoma sindano kwenye mpira wa mashine, ule wenye alama ya buluu, mashine ikiwa bado inazunguka, akavuta, akajaza chupa, akaenda zake. Damu ya mpirani ni sawa na damu ya mwilini? Na kwa nini wasimchome mkono wa pili tu, tukajua moja?

MvitaWetu

Dada, pole na mama. Mimi nimemuuguza marehemu baba kwenye mashine hizo na hilo la kuvuta damu mpirani sikulipenda hata siku moja. Mgonjwa wa figo hana damu, kila mwezi anaambiwa himoglobini iko chini, halafu wanamvuta nyingine. Watu wanasema damu zile huenda kuuzwa. Uliza zinakwenda wapi.

SistaFigo

Wa aleikum salaam BintiLikoni. Nimefanya kazi kwenye chumba cha mashine za figo miaka mingi, na swali lako ni la maana sana. Damu ya mpirani ni damu ya mama yako. Kuitoa pale si kosa, na kwa mgonjwa wa figo ndiko tunakotaka itolewe. Ila mpirani kuna mahali na mahali, na kuna wakati na wakati.

Fuatana nami na damu yenyewe. Inatoka mkononi kwa sindano ya kwanza, inaingia mpira wenye alama nyekundu, inafika kwenye pampu. Pampu inaisukuma kwenye chujio, ile figo ya plastiki iliyosimamishwa ubavuni mwa mashine. Ikitoka hapo imeshachujwa, inapita mpira wa buluu, inapita chemba ya kunasia hewa, inarudi mkononi kwa sindano ya pili. Kila upande una poti yake ya kutolea sampuli.

Sasa damu ya "baada" ikitolewa upande wa buluu mashine ikizunguka, kilichopimwa ni kazi ya chujio dakika ile. Damu iliyopita chujioni mara moja tu huwa imeshaacha sehemu kubwa ya yurea yake. Mwili wa mama haujapimwa hata kidogo. Ni kama mtu kuulizwa maji ya kisima yana chumvi kiasi gani, akapeleka maabara maji aliyokwisha kuyachuja. Ile 2.6 mimi siiamini, na ile asilimia 90 haina pa kusimama.

Wala usidhani nyekundu yatosha peke yake. Ikiwa sindano mbili zimekaa karibu sana, au mshipa wa fistula umebana mahali, damu iliyorudi safi hugeuka ikaingia tena sindano ya kwanza kabla ya kuzunguka mwilini. Ukivuta sampuli pampu ikiwa kwenye mililita 300 au 350 kwa dakika, unavuta mchanganyiko, na yurea itaonekana chini kuliko ilivyo.

Ndiyo maana kuna utaratibu. Kipindi kikiisha, unasimamisha yale maji ya mashine yanayopita chujioni au kuyapunguza kabisa, unazima uvutaji wa maji ya mwili, halafu unashusha pampu hadi 100 kwa dakika, unahesabu sekunde 15, ndipo unatoa damu kwenye poti ya upande mwekundu iliyo karibu na mgonjwa. Piga hesabu: 100 kwa dakika kwa sekunde 15 ni mililita 25. Zile zimetosha kuusukuma mchanganyiko wote uliokuwa kati ya sindano na poti, na kinachofuata ni damu halisi ya mama. Wengine huisimamisha pampu kabisa baada ya sekunde hizo, ndipo watoe. Ni sawa pia, mradi kituo kishike njia moja na kisiibadilishe kila mwezi.

Damu ya "kabla" nayo ina masharti. Hutolewa kwenye sindano ya fistula kabla ya kuungwa na mpira, kabla ya heparini (dawa ya kuzuia damu isigande), kabla ya tone lolote la maji ya chumvi. Kwa mwenye katheta ya shingoni, ule mpira ulioingizwa kwenye mshipa badala ya fistula, ndani ya ile katheta mna heparini iliyolazwa tangu kipindi kilichopita. Lazima uivute kwanza pamoja na damu yake uiweke kando, kisha utoe ya kupima kwa sirinji nyingine.

Na mkono wa pili? La, tafadhali. Ule ndio akiba yake. Fistula hii ikifa kesho, mshipa wa fistula mpya utatafutwa huko. Ukiacha sindano za mashine, sisi hatuchomi wala hatufungi mkanda wa presha mkono wenye fistula, na ule mwingine tunautunza. Ikibidi kabisa, basi mgongo wa kiganja. Mgonjwa aliye kwenye mashine ana njia ya damu imeshafunguliwa tayari. Kumchoma tena ni kumtesa bure.

BintiLikoni

Shukran sana Sista. Nimesoma mara mbili. Kwa hivyo kijana alikosea upande? Nitamwambiaje bila kumvunjia heshima? Yule ni mpole, na mama anampenda.

FundiMitambo

Mimi natengeneza mashine hizi, si muuguzi, ila niongeze kwa nini watu huukimbia upande mwekundu. Si uvivu.

Poti nyekundu iko kabla ya pampu. Pampu inavuta, kwa hivyo mahali pale shinikizo ni hasi. Tazama skrini utaona -150, -200, na kengele huwekwa ili lisizidi karibu -250. Ukiweka hapo sindano isiyofungwa nyuma, au sirinji ikachomoka, mpira hautamwaga damu. Utanyonya hewa. Povu litaingia chujioni na damu itaanza kuganda. Kipima hewa kiko mwisho kabisa, upande wa buluu, na kikiona povu kinabana mpira, mashine inasimama na kengele inalia ukumbi mzima. Mtu akishaonja fedheha hiyo mara moja, mara ya pili anahamia buluu, ambako shinikizo ni chanya na damu inakuja yenyewe kwenye sirinji. Dawa yake ndiyo hiyo aliyoitaja Sista. Shusha pampu, ule uvutaji nao unapungua, na kazi inakuwa rahisi.

Halafu poti zenyewe hazifanani. Za zamani ni kizibo cha mpira laini unachokichoma sindano, ukitoa kinajifunga chenyewe. Kinajifunga ikiwa sindano ni nyembamba, ya namba 21 au namba ya juu zaidi, maana namba ikipanda sindano ni nyembamba zaidi. Ukitumia sindano nene unaacha tundu, na tundu kabla ya pampu ni mlango wa hewa kwa masaa yote yaliyobaki. Ubaya wake mwingine ni kidole. Muuguzi hushika poti kwa vidole viwili akachoma, sindano ikapitiliza upande wa pili ikamfikia yeye. Waundaji wengine wamezungushia kizibo ukingo mgumu wa plastiki kwa sababu hiyo.

Za kisasa hazitaki sindano kabisa. Ni vali: unaisugua kwa spiriti, unakaza sirinji yako juu yake, vali inafunguka, unavuta, ukiitoa inajifunga. Zipo pia zenye kikombe cha kupokelea chupa ya maabara moja kwa moja, damu ikaingia chupani bila kupita kwenye sirinji. Kama ningeulizwa na wanaonunua vifaa, ningesema nunueni mipira yenye poti za namna hiyo hata kama bei inapanda kidogo. Nimeona vidole vingi.

Na kile ambacho hakifai hata kidogo ni kufungua maungio ya mpira ili kupata damu. Mzunguko ukiwa unaendelea haufunguliwi.

SistaFigo

Fundi umesema kweli tupu. Kwa wauguzi wenzangu wanaosoma: ukijichoma sindano yenye damu ya mwenye virusi vya UKIMWI hatari ni karibu 3 kwa 1000, ya homa ya ini aina C ni 2 kwa 100 au chini ya hapo, na ya aina B ni kuanzia 6 hadi 30 kwa 100 kama hujachanjwa. Chanjo ya B ipo, chomwa. Ukichomeka kwa bahati mbaya, osha, ripoti, na dawa za kuzuia UKIMWI zianze mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na unazimeza siku 28. Usinyamaze kwa haya.

ChupaZambarau

Salaam. Mimi niko maabara, na mengi tunayaona kabla hata ya daktari.

Damu iliyotolewa mpirani ikachanganyika na maji ya chumvi huwa na alama zake. Himoglobini ya jana 9.8, leo 7.1, na mgonjwa hajatoka damu popote. Kalsiamu imeshuka, protini imeshuka, kloridi imepanda. Vyote vimepungua pamoja isipokuwa vilivyomo kwenye dripu. Hapo sisi hupiga simu wodini kuomba sampuli nyingine, na hukasirikiwa. Lakini mgonjwa akiongezewa damu kwa sababu ya kipimo cha maji ya chumvi, amepewa hatari isiyo na haja, na kama anasubiri kupandikizwa figo ni vibaya zaidi, maana damu za watu huufundisha mwili wake kukataa figo ya mtu.

Ikiwa imevutwa kwa nguvu kwa sirinji kubwa kupitia sindano nyembamba, chembe zinapasuka, maji ya juu yanakuwa mekundu, na potasiamu inapanda uongo. Ikiwa mtu amejaza kwanza chupa yenye kifuniko cha zambarau kisha akamimina kidogo kwenye yenye kifuniko chekundu, dawa ya zambarau ina potasiamu ndani yake. Tunapata potasiamu ya kutisha na kalsiamu karibu hakuna. Chupa zina mpangilio, ya zambarau haitangulii. Na ikiwa vipimo vya kuganda vimetoka mpirani baada ya heparini kuanza, sisi tunaipima heparini yenu tu.

La joto nalo. Mombasa hii, sampuli ikikaa juu ya dirisha ikingoja mtu wa boda, au ikashinda kwenye foleni ya feri, kipimo cha potasiamu kinaharibika, na ikikaa sana potasiamu inavuja kutoka chembechembeni. Wale mnaoagizwa kupeleka chupa maabara ya nje wenyewe, msipitie popote, na msiiweke juu ya barafu tupu, maana barafu pia huitoa potasiamu nje ya chembe.

BintiLikoni, hakikisha kitu kimoja: damu ya kabla na ya baada zipimwe maabara moja, siku moja. Ukipima moja huku na nyingine kule, ile asilimia inakosa maana hata kama zimetolewa vizuri.

MvitaWetu

Nimesoma. Lakini bado hakuna aliyenijibu la kuuzwa.

SistaFigo

Kaka yangu, nakujibu na nakupa pole ya baba. Damu iliyo ndani ya mpira na chujio ukizijumlisha ni mililita 150 hadi 250 hivi, na mwisho wa kipindi inarudishwa mwilini kwa kusukumwa na maji ya chumvi. Chupa ya maabara inachukua 3 hadi 5. Damu ile imechanganywa na heparini, haikukusanywa kwenye mfuko wa benki ya damu wala kupimwa kwa ajili ya mtu mwingine. Haiwezi kuongezewa mtu. Himoglobini ya mgonjwa wa figo inashuka zaidi kwa sababu figo ndiyo iliyokuwa ikitoa homoni ya kuamrisha uboho utengeneze damu, ndiyo maana wanachomwa ile sindano ya kuongeza damu. Lakini kuna damu inayopotea kweli: chujio likiganda, ile yote iliyokuwemo inatupwa. Hilo ulizeni kila linapotokea, mna haki.

MvitaWetu

Nimekuelewa sista. Chujio la baba liliganda zaidi ya mara moja na hatukuambiwa kitu. Shukran.

Nesi_ICU

Hoja ya damu inayotupwa inanigusa, niseme ya kwetu. Kwenye chumba cha wagonjwa mahututi tunatoa damu kwenye mpira wa mshipa wa ateri, mara nyingi kwa siku. Njia ya kawaida ni kuvuta kwanza ile iliyochanganyika na maji, kuitupa, ndipo kuchukua ya kipimo. Mtu mzima hahisi siku moja, lakini ukijumlisha wiki, mgonjwa anaongezewa damu tuliyommwaga wenyewe. Kwa mtoto mchanga ni msiba kabisa, maana damu yake yote ni mililita 80 hivi kwa kila kilo.

Kuna kifaa kilichofungwa kwa ajili ya hili. Kwenye mpira huo huo kuna kibweta kidogo cha kuvutia. Unavuta ile iliyochanganyika ikakaa kibwetani, haitoki nje, unachukua sampuli kwenye poti isiyo na sindano, kisha unairudisha ile ya kibwetani kwa mgonjwa. Hakuna cha kutupwa, hakuna kilichofunguliwa, vijidudu havipati mlango. Nimefanya kazi panapo kifaa hiki na pasipo nacho, na ningependa kila kitanda cha ICU cha Pwani kiwe nacho, watoto kwanza.

MzeeWaKibokoni

Wanangu, mimi ni mgonjwa mwenyewe, niko mashineni miaka sasa. Nataka kusema kuhusu mshipa, kwa sababu vijana wanaoanza hawajui thamani yake.

Daktari Kolff alipoiunda mashine yake kule Uholanzi mwaka 1943, wakati wa vita, kila kipindi kilihitaji kupasua mshipa mwingine. Mishipa ikiisha, matibabu yameisha. Kwa hiyo ilikuwa ya wale ambao figo zao zingeamka tena baada ya siku chache. Mtu kama mimi hakuwa na njia. Mwaka 1960 kule Seattle, Scribner na wenzake wakamwekea mgonjwa mpira wa Teflon unaokaa mkononi daima, na mwaka 1966 madaktari wa New York wakatangaza fistula, hii tuliyo nayo. Mishipa ndiyo uhai wetu, na mimi mtu akinijia na sindano ya kutoa damu mkononi na hali nimeunganishwa na mashine, humwambia: "Mwanangu, nakuomba, ipo poti hapo." Hakuna aliyewahi kunikatalia.

Na wewe binti, kwa yule kijana, mwambie hivyo hivyo. Usimwambie amekosea. Mwite pembeni, kabla hajaanza kazi, mwambie mama ana dalili ambazo hazilingani na karatasi, unaomba kipimo kirudiwe, na unaomba pampu ipunguzwe kabla ya kutoa. Akiwa mtu wa kazi ataelewa kabla hujamaliza. Wanahudumia watu wengi kwa zamu moja na feri ikichelewa zamu zote zinapandana. Mambo haya hutokea kwa haraka, si kwa ubaya.

BintiLikoni

Mzee wangu, Mungu akuzidishie umri. Nitafanya hivyo.

DktWaJioni

Nimepita nikauona uzi huu, niongeze neno moja ambalo lisiposemwa hata kipimo kizuri kitapotosha. Kile kiwango cha yurea kupungua kwa asilimia 65 ambacho watu hukitaja, pamoja na Kt/V (hesabu nyingine ya kiasi mtu alivyosafishika) ya 1.2 kwa uchache, kimewekwa kwa mgonjwa anayesafishwa mara tatu kwa wiki. Mama huyu anakwenda mara mbili. Kwa mara mbili, kufikia 65 si kutosha, isipokuwa figo zake bado zinatoa mkojo wa kusaidia. Kwa hiyo BintiLikoni, mwambie daktari wake pia mama anakojoa kiasi gani kwa siku. Kusanyeni mkojo wa saa 24 kama bado upo. Na masaa matatu kwa mtu wa mara mbili ni machache.

BintiLikoni

Salaam tena, nimerudi na majibu.

Nilimwambia yule kijana alivyonielekeza mzee. Hakuudhika hata chembe. Alimwita sista mkuu, wakasema kipimo cha mama kirudiwe kikamilifu. Damu ya kabla wakaitoa kwenye sindano kabla ya kuunga mpira. Mwisho wa kipindi nilimwona akishusha namba za pampu hadi 100, akatazama saa ya ukutani, akasugua poti ya upande mwekundu, akavuta polepole. Chupa zote mbili zikaenda pamoja.

Kabla 27, baada 11.6. Daktari akapiga hesabu mbele yetu: asilimia 57.

Nililia kidogo, lakini mama akaniambia afadhali tumejua. Daktari amemwongezea saa, sasa ni masaa manne kila kipindi, na anaandika barua ya kuomba kipindi cha tatu. Mkojo ni kidogo sana, haufiki kikombe. Fistula ilipigwa picha ya Doppla, ile ya kuonyesha damu inavyopita mshipani, ikaonekana imebana juu kidogo ya mahali wanapochoma. Atapanuliwa mshipa. Sista mkuu amesema na wagonjwa wengine wa zamu ile watapimwa upya.

Sasa swali langu: baada ya kupanuliwa tungoje muda gani kabla ya kupima tena?

SistaFigo

Alhamdulillahi. Mpime kwenye kipimo cha mwezi kinachofuata, akiwa ameshazoea masaa manne. Wachukue kipindi cha katikati ya wiki kama cha tatu kimepatikana. Kijana yule yule akitoa itapendeza zaidi, maana mkono wake sasa umeshika njia. Na daktari akilinganisha, aangalie pia shinikizo la upande wa buluu kwenye karatasi za kila kipindi. Likiwa linapanda wiki baada ya wiki kwa pampu ile ile na sindano za ukubwa ule ule, mshipa unabana tena, na hilo mtaliona kabla yurea haijawaambia. Karatasi zile ziko kwenye faili la mama. Omba uzipige picha kila mwisho wa mwezi.